Vyura wa Odila Bertolotti

Wabeba mizigo wa maabara moja ya mji wa Rosario walimwita Mama Vyura, na si kwa mapenzi. Odila Bertolotti, binti wa fundi wa reli, alisomea kemia mpaka udaktari, kisha akajitosa kwenye homoni za uzazi wakati wenzake wanaume wakifukuzia vyeo. Padri wa mtaa alimwombea toba mbele ya waumini. Odila alijali? Hata chembe. Alichotaka ni kidonge ambacho mwanamke angemeza, akalala bila hofu ya mimba, basi.

Miongoni mwa waliokubali kujaribu vidonge hivyo alikuwamo Ermelinda Quiroga, dobi, mama wa watoto watano na mgonjwa wa moyo. Madaktari walimwambia wazi kwamba mimba nyingine ingemuua. Mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, hedhi yake haikuja.

Kipimo cha mimba siku zile kilikuwa chura dume. Unamdunga mkojo wa mwanamke, unasubiri saa chache, kisha unachukua tone la mkojo wa chura mwenyewe na kulitazama kwa hadubini. Ukiona mbegu za kiume, mwanamke ana mimba. Lakini chura aliyepigwa na baridi huzubaa, hajibu kitu, na maabara ilikuwa na jiko moja tu la mafuta. Basi Odila, kwa huruma na haraka, akawatia vyura karibu wote kwenye beseni moja kando ya jiko, madume na majike pamoja, akafurahi kuwaona wamechangamka.

Kisha akamdunga dume mmoja wao mkojo wa Ermelinda, na mbegu zilionekana tele. Asubuhi alipomweleza Ermelinda, mama yule hakulia. Alifunga skafu yake, akasema taratibu, "Basi nitakwenda kwa Bi Tránsito."

Mji mzima ulimjua Bi Tránsito, aliyetoa mimba kwa sindano yake ya kufumia. Odila alijua kwamba moyo ule usingestahimili sindano hiyo wala usingestahimili mimba. Lakini hakuwa na la kumpa badala yake, akamwacha aende.

Adhuhuri akaenda kuwalisha vyura. Ndani ya beseni, dume moja lilikuwa limempanda jike mgongoni, limemkumbatia kama mtu aliyeng'ang'ania mti wakati wa mafuriko. Odila akaganda. Akachukua dume jingine, ambalo halijaguswa na sindano hata siku moja, akatazama tone lake. Mbegu zilikuwa zikiogelea humo pia. Joto na majike vilitosha kuzitoa. Mkojo wa Ermelinda huenda haukuhusika kabisa.

Alitoka mbio na koti la maabara mwilini, hata mlango hakuufunga. Teksi haikuonekana. Alikimbia kupita karakana za reli, wanaume wakimpigia miluzi, naye akilini ana jambo moja tu, kwamba maji ya Bi Tránsito ya kuchemshia sindano yasiwe yamechemka.

Yalikuwa yamechemka. Ermelinda ameketi ukingoni mwa kitanda, anavua soksi. Bi Tránsito, mzee mnene mwenye aproni safi kuliko za hospitali, akamzuia Odila kwa mkono mmoja.

"Mwache mwenzio, daktari. Kuja hapa si starehe."

"Kipimo changu kilikuwa kibovu," Odila alisema akihema. "Huenda hana mimba."

Ermelinda akamtazama kwa hasira tupu. "Asubuhi uliniambia ninayo."

"Nilikosea."

"Na sasa hukosei?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya. "Sijui," Odila akasema. "Vidonge vyenyewe huweza kuzuia hedhi. Nipe mpaka jioni, mama. Nakuomba."

Bi Tránsito akaepua sufuria, akamkabidhi Ermelinda chupa tupu ya jemu. "Kakojoe humo. Nami nakuja kuwaona hao vyura."

Uani kwenye maabara yalibaki madume mawili ambayo hayajawahi kukaribia jike. Odila aliwapasha joto ndani ya koti lake, kifuani, kisha akapima matone yao kabla ya sindano. Yalikuwa safi, hayana mbegu. Wa kwanza alimdunga mkojo wa mjamzito wa wodi ya hospitali jirani, ili ajue kama vyura wameamka. Wa pili alimdunga wa Ermelinda. Wanawake watatu wakaketi wakizungusha kikombe kimoja cha chai chungu ya majani iitwayo mate.

Jioni ilipoingia, Ermelinda alitaka kutazama mwenyewe. Kwenye tone la kwanza aliona vimkia vikifukuzana. Kwenye la pili akainama, akakaa hapo muda mrefu.

"Sioni kitu," akasema.

Odila akatazama, akatazama tena. "Hakuna kitu, mama. Hakuna."

Akaanguka kitini, akalia mbele yao bila kuficha uso. Ermelinda akamwekea mkono begani, mkono uliokakamaa kwa sabuni, akasubiri mpaka amalize.

"Vidonge vyako nitaendelea kumeza," akasema. "Ila na wewe, daktari, watenganishe vyura wako. Unatupangia sisi uzazi, wao umewaacha?"

Bi Tránsito alicheka mpaka akashika ukuta. Odila alicheka pia, machozi bado yanamtoka, huku akimtoa dume kwenye beseni.