Swichi ya Nyutro na Jina la Mkwe

Hapa Keza wananijia kwa ajili ya majina. Mtoto akizaliwa na watu wakabishana apewe jina la babu yupi, wanakuja kuniuliza babu huyo aliitwaje kabla ya ubatizo, mke wake wa kwanza aliitwaje, hata mbwa wake. Shule nilikaa kidogo tu, lakini majina hayatoki kichwani mwangu. Kwenye karatasi hii sitaandika hata moja, na sababu utaiona.

Jina moja nililijua na sikuruhusiwa kulisema: la mume wa binti yangu. Kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Mwenye neno analipitisha kwa binti. Basi tunakaa uani, masikio yetu mazima, mkwe kanipa mgongo kaangalia migomba, halafu inakuwa hivi:

"Mwambie mama, shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

Mkwe anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.

Ni kijana wa watu waliohamia Nyabusozi kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Mchapakazi, sikatai. Ila alipouza ng'ombe anunue gari, nafikiri akili nyingine ilikwenda na ng'ombe. Alinunua pikapu kuukuu iliyokuwa ya wazungu wa mradi fulani. Ni otomatiki, na gia yake haikai chini kati ya viti; ni mkono uliochomoza kwenye shingo ya usukani. Mkono ukiwa juu, gari limelala. Ukining'inia chini, gari linataka kwenda. Hata mimi nililijua hilo, kwa kuuona kupitia kioo cha mbele huku namenya ndizi.

Walikuja na binti yangu kuchukua maharage na ndizi, shingo ya usukani ikavunjikia hapa kwangu. Akaletwa fundi kutoka Ngara mjini na shingo nyingine, aliyoing'oa kwenye gari lililokufa ambalo halikuwa hata ukoo mmoja na hili. Ile ya zamani ilikuwa na swichi ya nyutro, kidude kama kiberiti, kazi yake kukataza gari lisiwake likiwa kwenye gia. Ile mpya haikuwa na mahali pa kukifunga. Fundi akaunga waya wa swichi moja kwa moja, gari liwake hata bila kidude, akauzungushia utepe, akasema, "Hii ni ya muda tu." Kidude akakitia mfukoni.

Kesho yake mkwe akaliwasha likiwa kwenye gia. Likaruka likaingia kwenye banda langu la kuku. Kuku walitoka wakipiga kelele. Jogoo hakutoka.

"Mwambie mume wako afunge hiyo swichi," nikasema.

"Baba watoto, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama, swichi ile ni ya watu wasahaulifu. Mimi naangalia kwa macho yangu."

"Mama, anasema anaangalia kwa macho yake."

"Muulize jogoo aliangaliwa na macho yapi."

Hilo binti hakulipitisha. Lilifika lenyewe, maana mkwe alikohoa.

Fundi, aliyekuwa bado hapa akimalizia kazi, naye akajitia kunituliza. "Bibi, magari mangapi yanatembea bila hiyo swichi!"

"Na kuku wangapi wako hai?" nikamjibu. Huyo si mkwe wangu, namwambia nitakavyo.

Yule jogoo tulimla. Mkwe alipelekewa paja lake, akalisifu kupitia kwa mkewe.

Baadaye fundi akawa ameinamia injini, kichwa chote kimo ndani. Mkwe yuko kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje, simu sikioni, anamwambia mtu wa Nemba kwamba gari limekuwa jipya kabisa. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, ametupa mgongo sisi sote, anapepeta maharage kwenye turubai. Mimi niko mlangoni mwa jiko. Nikainua macho, na kupitia mlango wa gari uliokuwa wazi nikaona mkono wa gia unaning'inia chini. Na mkono mwingine wa mkwe, ule usio na simu, unatafuta ufunguo.

Hebu ona jinsi adabu ilivyonikaa. Mwanangu yuko mbele ya bampa, nami nikaanza, "Mwanangu, mwambie mume wako..."

"Unasemaje, mama?" Akaacha ungo, akageuza shingo. Hakuinuka.

Nikapiga kelele, "Acha! Usiwashe!" Mkwe hakushtuka hata kidogo. Atashtukaje? Tangu aoe, sauti yangu haijawahi kumhusu. Pengine alidhani nafukuza mbuzi.

Ndipo nikamwita kwa jina lake. Si lile la ubatizo peke yake. Na lile alilopewa na babu yake, na la baba yake nikaliweka juu. Simu ikamdondoka, ufunguo ukaachwa, na mkwe akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, mdomo wazi.

Binti akaruka. Unadhani alinishukuru? "Mama! Umemtaja!" Kisha akatazama kupitia mlango wa dereva, akauona mkono wa gia, akakaa chini juu ya maharage.

Fundi alitoa kichwa kwenye injini. "Bibi, kumbe jina lake unalo!"

"Ninalo tangu walipokuja kuposa. Wewe toa hicho kidude mfukoni."

Akakitoa. Akakata kipande cha bati, akatoboa matundu, akakifunga kidude kwenye shingo mpya na kukirudishia waya wake. Akaweka gia kwenye nyutro, pale gari lisipovuta, akawa anakizungusha kidogo kidogo mpaka ufunguo ukakubali hapo. Kisha akashusha mkono wa gia na kugeuza ufunguo. Gari kimya. Mkwe akajaribu mwenyewe, kimya. Akajaribu tena, kama mtu anayetarajia kupendelewa.

Shangazi wa mkwe kule Nyabusozi alipiga simu kusema nimevunja mwiko na lazima nitoe mbuzi wa kusafisha jambo hilo. Nikamjibu kwamba nimeshatoa jogoo.

Walipoondoka, mkwe alisimama akiangalia migomba. "Mwambie mama gari limepona."

"Mama, anasema gari limepona."

"Mwambie nimesikia."

Binti akapanda gari, mzima, na alama za mikunjo ya turubai bado zimebaki kwenye magoti yake. Siku hizi majirani wananichokoza nilitaje tena lile jina, wacheke. Silitaji. Nilishalitumia palipohitajika.