Mayai ya Mpasuasanda

Ndege huyu sisi tulimwita kirukanjia tu, na hakuna aliyemwogopa. Mchana humwoni. Ana rangi ya majani makavu na hulala chini amefumba macho, mpaka unyayo wako umkaribie ndipo aruke. Jua likizama hukaa katikati ya njia akiwinda nondo. Mdomo wake ukifungwa ni mdogo. Ukifunguka ni pango, na pembeni una masharubu. Sauti yake ni ya cherehani isiyokata uzi.

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, karibu na Buseresere, nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Jirani yetu mpya, mke wa mwalimu, alikuwa mtu wa Pwani. Jioni moja alimsikia yule ndege nyuma ya nyumba yetu, akaniuliza kama kwetu kuna mgonjwa. Nikasema hakuna, ila mama karibu atajifungua.

"Huyo ni mpasuasanda," akasema. "Kwetu akilia penye nyumba, mtu anakatiwa sanda."

Kila jioni ndege alilia palepale, na miguu ya mama ilizidi kuvimba. Nilimchukia ndege yule kwa moyo wote. Siku ya nne nikamtafuta mchana kwenye shamba tulilokwisha kung'oa miti ya pamba. Nusura nimkanyage. Aliruka, akaanguka mbele yangu akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, lakini mimi nilikuwa mjanja, sikumfuata. Pale alipotoka palikuwa na mayai mawili juu ya udongo mtupu. Nikayaponda kwa kisigino.

Jioni akarudi. Nilimulika kwa tochi ya baba, nikaona macho mawili mekundu. Alikuwa amelalia mahali patupu. Hakulia. Alikaa hivyo jioni tatu, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

Siku iliyofuata mama alijifungua. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa kimya, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Baada ya wiki mbili mama alijikongoja hadi shambani, akarudi akaniuliza nani kayavunja mayai. Kumbe aliyajua siku nyingi. Alikuwa akipita mbali ili asimsumbue ndege. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya sanda, nikitegemea atanishukuru.

Hakunipiga.

"Yule alikuwa mzazi mwenzangu," akasema, akaingia ndani.