Fundi Sponji na Filamu ya Kabati

Siku ilipotoka orodha ya filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo za mwaka, Fundi Sponji alikuwa na misumari saba mdomoni, na ni bahati tu kwamba hakuimeza. Alikuwa amepiga magoti kwenye safu ya F, ndani ya ukumbi mtupu wa sinema, nyundo mkononi, simu ameiegemeza kwenye mguu wa kiti. Akasoma filamu bora: ile aipendayo yeye haimo. Akasoma mwongozaji bora: haimo. Akashuka hadi chini kabisa, huko wanakotajwa watu ambao hakuna anayejua sura zao, akaikuta imeteuliwa katika kipengele kimoja tu, cha sauti. Akaitema misumari yote kiganjani ndipo akasema alichotaka kusema, na alichosema hakiandikiki.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ndiye mshonaji na mkarabati wa viti vya ukumbi ule, viti mia mbili na arobaini, na ruhusa ya kuingia bure aliithamini kuliko ujira wenyewe. Maoni yake juu ya filamu hayakutoka gazetini wala kwa wajuaji wa redioni. Yalitoka kwenye viti. Mtu anaweza kukudanganya kwamba filamu ilimgusa, alikuwa akisema, lakini kiti hakijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Filamu ya kutisha humaliza mikono ya viti, kwa kucha. Ya kuchekesha hulegeza migongo, maana watu hujitupa nyuma. Ya huzuni huacha karatasi za makamasi zimesokomezwa kwenye mianya, na huo ndio upande wa kazi asioupenda. Na filamu bora, bora kwelikweli, huchosha sponji ya ukingo wa mbele, kwa sababu watu hukalia ncha ya kiti wakasahau kwamba wana mgongo.

Kwa kipimo hicho, orodha ya mwaka huu ilikuwa kichekesho. Ile ya farasi ilizoa uteuzi kumi na mmoja. Vita, magauni, na steringi anayelia dakika tano nzima bila tone la kamasi. Sponji alikagua viti baada ya wiki tatu za ile ya farasi akavikuta vizima kama vimetoka dukani. Watu walikaa wima, wakala bisi, wakaenda zao. Ile ya dada wawili wanaogombea nyumba aliiheshimu, maana ilichana mikono ya viti kumi na minne. Lakini hapo nako walimwacha dada mkubwa wakamteua mdogo, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusimama dirishani. Ile ya kompyuta inayompenda daktari hakutaka hata kuisikia.

Filamu yake yeye ilikuwa ile ya Kabati. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kujidai, kwa hiyo alilitupa. Ndugu wawili wanashusha kabati la marehemu mama yao kutoka ghorofa ya nne, kwenye ngazi nyembamba, na kabati linakwama ghorofa ya pili. Basi. Saa moja na dakika arobaini za kabati kukwama, na ndugu wawili wasiosemezana wakiwa mmoja juu, mmoja chini. Ilikaa ukumbini siku saba ikaondolewa. Katika siku saba hizo Sponji aliiona mara sita, na akabadilisha sponji za ukingo wa mbele kwenye viti thelathini.

Mara zote sita alikuwa peke yake, na hilo ndilo lililomuuma. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na tangu waoane hakuwahi kuimaliza filamu hata moja macho yakiwa wazi. Alikuja kwa moyo mkunjufu, akaketi, akamshika mumewe mkono, na kabla majina ya mwanzo hayajaisha alikuwa amezama katika usingizi wa pono. Alilala kwenye filamu ya tetemeko la ardhi. Alilala kwenye ile ya ngoma za jeshi. Sponji hakumlaumu, maana alizijua zamu zake, na kila mara alimtengenezea kiti kizuri zaidi ili angalau apumzike. Ila njiani kurudi nyumbani alikuwa na maneno mia kifuani na hana wa kumwambia. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: mkewe aione hii moja, mwanzo mpaka mwisho, halafu waizungumze.

Nafasi ilikuwepo. Kila mwaka, orodha ikishatoka, Meneja wa ukumbi, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine nyweleni, aliwapa watazamaji kura yao. Mlangoni zilitundikwa mifuko minne ya mahameli, kila mmoja na karatasi ya jina la filamu, na mtazamaji akitoka alitumbukiza kishina cha tiketi yake kwenye mfuko anaoupenda. Filamu ikishinda, ilirudishwa kwa onyesho moja la Jumamosi saa tisa alasiri. Na Jumamosi hiyo zamu ya Mama Pacha iliisha saa nane mchana.

Sponji alimwendea Meneja ofisini akamwomba mfuko wa tano. Meneja akasema Kabati haikuteuliwa. Sponji akasema imeteuliwa, kipengele cha sauti, na bosi akitaka kujua sauti ni nini aingie akasikilize ule mlango wa kabati unavyolia wanapolipindua. Kisha akauigiza huo mlango, pale pale, mbele ya mhasibu, kwa muda mrefu. Meneja akakubali ili anyamaze.

Wiki ile Sponji alifanya kampeni ya kufa kupona. Aliwavizia watu mlangoni na mita ya kupimia shingoni. Mpinzani wake mkubwa alikuwa mkata tiketi, mwanamume mrefu mwenye maneno machache na yote ya dharau, shabiki wa kufa wa ile ya farasi. Kila Sponji alipofungua mdomo, mkata tiketi alisema neno moja, "Farasi," akachana tiketi inayofuata.

Ijumaa mchana kura zikafungwa. Ili mtu asije akachomeka vishina vya ziada, Meneja aliagiza mifuko yote mitano ishonwe midomo mbele ya macho yake, na mshonaji ni nani kama si Sponji. Akaishona, uzi maradufu, mafundo mawili kila pembe, akaipeleka kwenye stoo yake chini ya ngazi kusubiri asubuhi.

Hapo ndipo kazi yake ikamponza. Sponji hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mabaki ya sponji na vitambaa aliyashona ndani ya vifuko vya mahameli ile ile, kwa uzi ule ule, na kiti kikibonyea alikididimizia kifuko kizima chini ya sponji mpya, akapiga misumari, kwisha. Na Ijumaa ile alikuwa na kiti kimoja cha kumalizia, D tisa, kiti cha Mama Pacha, alichokuwa akikiremba tangu Jumatatu kama cha bibi harusi. Akapita stoo, akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akavuta kifuko, akarudi nacho, akakididimiza, akaweka sponji mbili juu yake, akagongelea. Alipokikalia kukijaribu kilichakarisha kidogo. Akadhani ni biskuti mfukoni mwake. Alirudi stoo, akaona karatasi ya jina la Kabati sakafuni, akaibandika kwa pini kwenye kifuko kilichobaki, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumamosi saa nne wakakusanyika kwenye meza ya bisi. Ile ya kompyuta ikapata kumi na tano. Ya dada wawili sitini na moja, na ya nne, ya mpishi kipofu, thelathini. Ile ya farasi ikapata themanini na saba, na mkata tiketi akakunja mikono. Meneja akachukua mkasi, akaupasua mfuko wa Kabati, akaukung'uta. Mezani zikamwagika sponji za njano, nyuzi, na kipande cha zipu.

Wote wakaviangalia. Meneja akashusha miwani ya nyweleni juu ya ile ya machoni.

"Fundi," akasema, "hizi ndizo kura zako?"

Sponji akaokota kile kipande cha zipu, akakigeuza. Kisha akakumbuka biskuti. Akatia mkono mfukoni, na mfukoni hamkuwa na biskuti, wala hakumbuki lini mara ya mwisho alikula biskuti. Akachomoka mbio, koleo mkononi, wenzake nyuma yake, akaruka safu A, B na C kwa mapaja, akakivamia D tisa kama mtu aliyefukiwa mtoto. Misumari iliruka. Sponji mbili za wiki nzima alizipasua kwa kisu, vipande vikaruka hewani, akazama mpaka kwapani, akaibuka na mfuko uliojaa, mafundo mawili kila pembe, haujaguswa.

Mkata tiketi alitaka kupinga. Meneja alikagua mafundo, akasema mshono ni ule ule alioushuhudia, akamwaga vishina juu ya kiti C tisa na kuhesabu kwa sauti. Themanini na tano. Themanini na sita. Themanini na saba. Akakung'uta mfuko, kikadondoka kimoja cha mwisho, cha njano.

Tiketi za njano ni za wafanyakazi, na ukumbi mzima wenye nazo walikuwa wawili tu. Ya Sponji ilikuwa imeshahesabiwa mwanzoni. Macho yote yakamgeukia mkata tiketi, aliyekuwa ghafla anasoma kwa makini kibao cha mlango wa dharura.

"Mimi na kaka yangu tulishusha friji," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Hatukusemezana mwaka mzima."

Sponji alimkumbatia kiunoni, maana ndiko alikofika, akamzungusha, na kwa kuwa jamaa alikuwa mrefu waliangusha taa moja ya njia.

Furaha ikamtoka alipokitazama kiti. D tisa kilikuwa mifupa mitupu. Sponji iliyobaki stoo haikutosha hata kwa mto wa paka, na Meneja alikwisha kumtuma kuteremsha bango la farasi na kupandisha la Kabati, kisha kurekebisha taa aliyoivunja. Saa tisa kasorobo aliwahi kutupia kitambaa juu ya ubao na springi, akapiga misumari minne, mmoja ukaingia upande.

Mama Pacha alifika ametoka zamu moja kwa moja, viatu vya wodi bado mguuni, macho mekundu. Sponji akambembeleza akae D kumi, yeye akalie D tisa. Mama Pacha akauliza si hiki ndicho ulichonisimulia wiki nzima. Sponji akasema ndicho, ila. Mkewe akasema hakuna cha ila, umenitengenezea, nitakikalia. Akakaa. Akanyanyuka kidogo. Akakaa tena, taratibu, upande.

Taa zikazimwa. Majina ya mwanzo yakapita. Sponji akasikiliza gizani ile pumzi ndefu anayoijua, na haikuja. Kabati likatoka chumbani, haikuja. Likakwama ghorofa ya pili, na kwa pembe ya jicho akamwona mkewe amesogea mbele, ncha kabisa ya kiti, kidevu kiganjani, macho kodo. Kuanzia hapo Sponji hakuiona filamu. Alimwona yeye akiiona, na mara mlango wa kabati ulipolia alimsikia akinong'ona, "Shikeni chini, nyie."

Walitoka jua likiwa bado kali. Sponji hakuthubutu kuuliza kitu. Walifika kona ya duka la vitabu kabla mkewe hajafungua mdomo, na alipoufungua haukufungwa tena.

"Wale hawajui kubeba," alisema. "Kitu kizito hukiinui kwa mgongo, unapiga magoti unakikumbatia. Mimi nabeba wagonjwa kila siku. Wangenipa mimi lile kabati, filamu ingeisha nusu saa."

Sponji akasema lakini kukwama ndiyo maana yenyewe. Mkewe akasema maana gani, na kaka mkubwa yule anayesifiwa anajua kukunja uso tu, aliyeigiza ni mdogo, na kama kuna aliyedhulumiwa kwenye uteuzi ni huyo. Sponji akasema mdogo? Yule aliyekuwa chini muda wote? Mkewe akasema ndiyo, aliyekuwa chini, uzito wote uko kwa wa chini, hujui hilo na wewe ni fundi. Na wimbo wa mwisho wangeufuta. Wakabishana hadi mlangoni kwao, wakaupita, wakazunguka mtaa mara ya pili kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia na hoja haijaisha. Sponji alikuwa akishindwa kwa kila hoja na meno yake yote yalikuwa nje.

Mzunguko wa tatu ndipo akathubutu. "Lakini hukulala, Mama Pacha."

"Ningelalaje? Kuna msumari pale, bado naukumbuka." Akasimama akajisugua paja. "Baba Pacha, miaka kumi na tisa unanitandikia kitanda, halafu unashangaa nalala."

Sponji alisimama pale kwenye lami. Alihesabu kichwani viti vyote alivyowahi kumlainishia, mwaka hadi mwaka, sponji juu ya sponji.

Tuzo zenyewe walizitazama sebuleni, marudio ya asubuhi, siku Mama Pacha anaingia zamu ya jioni. Sponji aliketi kwenye kochi alilolishona mwenyewe, sifa ya mtaa, akampapasia nafasi kando yake. Mkewe akalitazama lile kochi, akaenda jikoni, akarudi na stuli ya mbao. Akaiweka mbele ya kochi, akakaa ncha yake, akaegemeza mgongo kwenye magoti ya mumewe.

"Haya," akasema, "tuanze na hao wa sauti."