Nilivyoacha Kukoroma, Wadogo Zangu Wakalala

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu mwenye nguvu. Naanza na hilo kwa sababu wengi walionifahamu baadaye walidhani nilizaliwa mvivu.

Baba alitangulia, kisha mama. Mama alifariki usingizini, kimya kimya, na mdogo wangu Neema ndiye aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja. Yohana, kitinda mimba wetu, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa darasa la sita. Baada ya mazishi ndugu walikaa, wakataka kutugawa: Neema aende kwa shangazi, Yohana abaki na bibi kule Sigino. Nikasema hatugawanyiki. Niliacha shule, nikaanza kukaanga samaki sokoni Babati, na tukabaki watatu katika nyumba ya wazazi Maisaka.

Miaka kadhaa baadaye, mkoa wa Manyara ulipoanza, mji ulijaa watumishi wa ofisi mpya na mafundi wa kuzijenga. Samaki walikuwa wanaisha mapema. Nami nilinenepa. Perege aliyekatika mkia hanunuliki, kwa hiyo nilimla mwenyewe. Jioni nilirudi nimechoka, nikasonga ugali mkubwa, nikala na kulala hapo hapo. Moshi wa kuni uliniziba pua, na kila jioni nilimeza piritoni, kidonge cha mafua, kama wenzangu wengi pale sokoni. Ilifungua pua kidogo na kunipa usingizi mzito. Niliona ni dawa nzuri.

Hapo ndipo kukoroma kulipoanza. Aliyenipa habari ni Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka linalopakana na ukuta wetu.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Baba mwenye nyumba ameshaamka?"

"Baba yupi tena?"

"Huyo anayewasha mashine ya kusaga usiku. Mume wangu anasema tumepata mlinzi wa bure."

Nilicheka naye, lakini niliona aibu. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa. Nyumbani Neema alinifariji. "Waache waseme, Dada. Mwizi akipita anajua ndani kuna mwanaume."

"Tena mwanaume mnene," Yohana akaongeza.

Wao wenyewe hawakulalamika hata mara moja, ingawa tulilala chumba kimoja, vitanda vimekaribiana. Nikadhani haiwasumbui.

Mwili wangu ndio uliolalamika. Niliamka kinywa kikavu kama nimelamba majivu, kichwa kinauma, shingo imelowa jasho. Nilikatiza usingizi mara kwa mara kwenda kukojoa. Nilikuwa nawahi kulala, lakini asubuhi nilikuwa nimechoka kuliko nilipolala. Nilisinzia kanisani. Nilisinzia nikiparua magamba. Watu hawakukosa dawa: asali na tangawizi, kijiko cha mafuta ya alizeti, kufunga kidevu kwa kitambaa. Nilijaribu zote. Ile ya kitambaa ilinikaba, nikaitupa.

Siku moja mchana, wateja wakiwa wamesimama mbele yangu, nilisinzia juu ya karai. Samaki niliyemshika aliponyoka mkononi na kutumbukia, mafuta yakaruka, yakaniunguza kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Ngozi ilitoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Wenzangu walinimwagia maji baridi kwa muda mrefu, kisha wakanipeleka hospitali.

Daktari aliyenifunga bandeji aliuliza ilikuwaje. Nikamwambia nilisinzia. Hakucheka. Alinipima presha, akapima tena. Alinimulika kooni, akauliza dawa ninazomeza.

"Unakoroma?"

"Wanasema hivyo."

"Nani analala karibu nawe?"

"Wadogo zangu."

"Ukija kubadilisha bandeji, njoo na mmoja wao. Wewe ulikuwa umelala, huwezi kunieleza."

Nilikwenda na Neema. Wakati huo alikuwa sekondari. Daktari akamwomba aeleze, naye Neema, ambaye hana aibu, akaigiza. Alikoroma mpaka nesi akachungulia mlangoni. Kisha akanyamaza ghafla, akatulia tu.

"Halafu?" daktari akauliza.

"Halafu ndio hivyo. Kimya. Hapumui."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimsukume mguu kwa mguu wangu. Hapo anashtuka, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa ziwani, anaanza tena."

"Unafanya hivyo kila usiku?"

"Tunapokezana na Yohana. Nikiwa na mtihani, anashika yeye."

Nilimgeukia. "Neema, kwa nini hamkuniambia?"

Akawa anaangalia vidole vyake. "Mama aliponyamaza mimi nililala tu. Nikasema wewe hutanyamaza. Tulijua ukikoroma upo."

Nimeungua kwa mafuta ya moto, najua maumivu. Maneno yale yaliniingia kuliko mafuta. Mwalimu wa Yohana alishaniita kwa habari ya mtoto kusinzia darasani. Sasa nilijua sababu. Nilikuwa nimekataa tugawanywe ili niwalee, kumbe usiku wao ndio walionilea mimi.

Daktari alinieleza bila kuficha. "Huo siyo usingizi mzito. Koo linalegea, njia inaziba, pumzi inakatika. Mwili wako unapigania hewa usiku kucha, ndiyo maana mchana unadai kulala. Ukiacha hivi hivi, presha na moyo vitakuharibikia."

"Nitakufa niwaache wadogo zangu?"

"Umekuja mapema. Tuanze na piritoni ya jioni, uiache leo. Inakulegeza zaidi."

Alinipa dawa ya kupuliza puani, akanifundisha kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo. Jiko nililihamishia upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nami. Chakula cha jioni tulianza kula mapema, na ugali wangu ukapungua. Asubuhi nilitembea kwa miguu kutoka Maisaka hadi sokoni. Kichwani mwa kitanda Yohana aliweka matofali chini ya miguu ya mbao. Na kwa kuwa daktari alisema nisilale chali, Neema alishona mfuko mgongoni mwa gauni langu la kulalia, akatia gunzi la mahindi. Nikijigeuza chali, gunzi linanichoma, narudi ubavuni.

"Mama Zuhura akiuliza," Yohana alisema, "tumwambie mashine ya kusaga imerudishiwa gunzi lake."

Haikuwa haraka. Mwili ulipungua polepole, na wiki nyingine haukupungua kabisa. Daktari alinituma pia kwa bingwa wa koo na pua Arusha. Yeye alisema wapo wanaohitaji upasuaji, na wapo wanaolala na mashine ya kusukuma hewa. Mimi niliambiwa niendelee, nirudi kupimwa. Niliporudi, presha ilikuwa imeshuka.

Jambo moja hatukulitegemea. Kukoroma kulipopungua, wadogo zangu ndio waliokosa usingizi. Ule ukimya uliwatisha. Nilisikia sauti ndogo kutoka kitanda cha pili: "Dada, upo?" "Nipo. Lala." Baada ya kitambo, tena: "Dada, upo?" Sikuwahi kuchoka kujibu.

Ewe unayesoma, mchana ukikuangusha kwa usingizi wakati usiku ulilala, usijiite mvivu. Muulize anayelala karibu nawe amesikia nini. Na wewe unayesikia mwenzako akikoroma kisha akakatika pumzi, usimtanie tu, na usimlinde kwa siri. Mwambie, kisha mpeleke hospitali. Dawa yoyote ya kuleta usingizi, uliza kwanza.

Namshukuru Mungu, na daktari ambaye hakucheka. Wadogo zangu nawashukuru kila ninapokumbuka asubuhi moja. Niliamka mwenyewe, kichwa chepesi, jua limeshaingia dirishani. Mama Zuhura alikuwa anagonga mlango. "Kwenu kuna nini leo? Watoto hawaendi shule?"

Niligeuka. Neema alikuwa amelala kifudifudi, mguu wake uko kitandani kwake. Yohana alikuwa mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa zamu.

Nilitoka, nikamwomba Mama Zuhura aongee taratibu. Kisha nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe kumwambia mwalimu kwamba leo Yohana atachelewa.