Mama Kabula na Salamu ya Mlangoni

Mwaka 1996, katika soko lote la Kibaoni, hapakuwa na mtu aliyependa kusalimia kama Nyanzobe, ambaye wengi walimwita Mama Kabula. Aliuza maziwa ya mgando, na kabla hujaonja ilikupasa umweleze umeamkaje, watoto wameamkaje, na kama mpunga wako umetoa masuke au bado. Alikuwa amehamia huko kutoka Maswa pamoja na wanawe na ng'ombe wao. Kipimbwe chake, lugha ya wenyeji wa huko, kiliwachekesha watu, naye alicheka pamoja nao na kuendelea kukisema.

Ndiyo maana waumini wenzake walishindwa kumwelewa. Mwanamke huyo huyo, kila Jumapili, wimbo wa mwisho ukianza tu, alijifunga kitenge vizuri na kutoweka.

Kanisa lao dogo la tofali mbichi lilikuwa na desturi yake. Ibada ikiisha, wa kwanza kutoka alisimama nje ya mlango. Wa pili alimpa mkono na kusimama kando yake, wa tatu akawapa mikono wote wawili, hivyo hivyo mpaka mstari ukauzunguka ukuta na kila mtu akawa amemshika mwenzake mkono. Nyanzobe aliupenda mstari ule kuliko hata mahubiri, Mungu amsamehe. Lakini tangu mavuno yaliyopita Ngusa, mume wa binti yake Kabula, naye alikuwa amebatizwa. Na katika malezi aliyolelewa Nyanzobe kule Usukumani, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono. Ngusa akisikia kikohozi chake njiani, huingia porini mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na Nyanzobe aliithamini kama alivyomthamini Ngusa mwenyewe, aliyekuwa akimtunza Kabula vizuri.

Basi alikimbia, wala hakumweleza mtu. Alidhani wote wanajua. Nani asiyejua jambo kama hilo?

Siku moja mwanamke aitwaye Sikujua, Mpimbwe aliyekaa naye benchi moja kanisani, alimfuata sokoni. "Mama Kabula, huku unatusalimia sisi na mbuzi wetu. Kanisani tuna upele?"

"Nina chungu jikoni," Nyanzobe akadanganya.

"Chungu gani hicho kisichoiva tangu mavuno? Sema tu una kinyongo na watu."

Neno hilo lilimchoma. Yeye, kinyongo! Akaanza kuwaza kwamba ni afadhali aache kabisa kwenda kanisani kuliko kuitwa hivyo na watu anaowapenda.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa, Yotham, aliamua kulimaliza jambo hilo. Alisoma kwa sauti, "Salimianeni kwa busu takatifu," kisha akafunga Biblia. "Hili ni agizo, ndugu zangu. Leo hatoki mtu bila kutoa mkono." Akaenda kusimama mlangoni.

Wimbo ulipoanza, Sikujua alimkamata Nyanzobe kiwiko, akatoka naye na kumsimamisha mwanzo kabisa wa mstari. Watu wakatoka mmoja mmoja. Kisha Ngusa, mtu wa miraba minne, akafika mlangoni na kumwona mama mkwe wake hatua mbili mbele yake. Nyuma watu wanasukuma, kando amesimama mzee Yotham. Ngusa akageuka, akapenya katikati ya mabenchi, akaruka nje kupitia dirishani. Kila mtu alisikia suruali ikichanika.

Nyanzobe alijifunika uso kwa kitenge. Hakujua kama analia au anacheka.

"Yule ni mkwe wangu," akasema. "Kwetu hatushikani mikono."

"Sasa mbona hukusema, mama?" Yotham akauliza.

"Nilidhani mnajua, baba. Nilipoona mnatulazimisha, nikasema labda dini ndiyo inavyotaka."

Yotham alijikuna kichwa. "Lakini agizo ni agizo."

"Mzee Yotham," Sikujua akadakia, "pale uliposoma pameandikwa busu. Wewe leo umembusu nani?"

Mstari mzima ulipasuka kwa kicheko, Yotham naye akacheka. "Sisi tuliona mkono unatosha," akakiri.

"Basi mkono tuliuchagua wenyewe. Tulichoagizwa ni kusalimiana kwa moyo safi. Bibi yangu hakumshika mtu mkono maisha yake yote, na hakuna aliyelalamika kwamba hakusalimiwa." Sikujua akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama wafanyavyo Wapimbwe wakisalimia kwa heshima.

"Magoti yangu hayawezi hayo!" mzee Maximilian akalalamika kutoka mstarini. Wakakubaliana hapo hapo: mwenye kupenda mkono atoe mkono, na mwenye mkwe wake apige makofi akiwa mbali.

Ngusa akaitwa kutoka nyuma ya jengo. Alikuja ameshikilia kofia kwa nyuma, akasimama mbali, akachuchumaa kwa uangalifu mkubwa na kupiga makofi.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, macho chini.

"Mwadila, baba," Nyanzobe akajibu, akipiga makofi.

Siku hiyo aliwapa mikono wote waliobaki, kisha akarudi mwanzo wa mstari kuwapa tena waliokwisha kumsalimu.

"Na chungu chako jikoni?" Sikujua akamchokoza.

"Kimeshaungua," akajibu, huku akitafuta mkono mwingine wa kushika.