Mama ametandika mswala kliniki ya mifugo

Leo mamangu ametandika mswala kliniki ya mifugo hapa Garissa, na wala haikuwa saa ya swala. Msicheke.

Paka wetu Nuur ana saratani, anadungwa dawa. Daktari akauliza kama bado anafanya kile alichokipenda, ili tuamue kama tuendelee na dawa au tumwache apumzike.

"Haa! Kila alfajiri anakuja kulala kwenye mswala wangu," Mama akasema. "Ngoja uone."

Akautandika sakafuni, Nuur akawekwa kando yake kidogo.

Tukangoja. Hata mzee aliyeleta mbuzi akasogea aone.

Nuur aliutazama tu.

Mama akainama, akauvuta mswala polepole mpaka ukamgusa miguu.

"Umeona, daktari? Amefika."

Daktari akanitazama mimi.

Wallahi, nyinyi mngesema nini? Mimi niliukunja mswala tu.