Alama ya Kidole Juu ya Paa

Diluant inapanda puani kama pilipili mbichi, kisha inaacha utamu mzito wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ni ile dawa ambayo wapaka rangi wa magari huchanganya na rangi ili iwe nyepesi. Nikiisikia popote hapa Butembo, hata nikiwa napita tu na kikapu changu cha soko, ninageuka kutafuta ni nani aliyevaa koti la baba.

Baba alikuwa mpaka rangi. Harufu hiyo ilikaa katika nguo zake zote, hata zile za Misa, na kanisani watu walituachia nafasi kwenye benchi bila sisi kuiomba. Mama alitutoka alipomzaa mdogo wangu Kambale, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu.

Mteja mmoja, mfanyabiashara aliyeleta bidhaa kutoka China, alimpa baba sanduku dogo. Ndani mlikuwa na pikapu ya plastiki, ndogo kama kiatu cha mtoto, ikiwa bado vipande vipande. Baba na Kambale waliiunga kwa gundi Jumapili nzima. Kambale alikuwa na miaka sita, na alishika ile milango midogo kama mtu aliyekabidhiwa mayai. Mwishowe baba alikipulizia kigari apprêt, rangi ya kijivu inayotangulia ili rangi yenyewe ipate pa kushika. Ilipaswa kuachwa ikauke. Lakini Kambale alirukaruka akitaka kuona, baba akakiinua kabla ya wakati, na kidole gumba chake kikaacha alama juu ya paa, mistari yote wazi kama muhuri.

"Ona!" baba akacheka. "Fundi muzima anafanya kazi ya mutoto! Kambale, hapana gusa. Nikirudia toka Beni nitaisugua, nitaipaka nyekundu."

Alikuwa ameitwa mjini Beni kupaka magari ya msafirishaji mmoja. Aliondoka asubuhi yenye ukungu. Waliomrudisha walimrudisha amefunikwa turubai. Watu wa kwetu wanaijua barabara ile na bunduki zake, sina la kuongeza.

Kambale aliwekwa kwa majirani mpaka mazishi yakaisha. Mama mudogo, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka Kanyabayonga kukaa nasi, alikata shauri kwa niaba ya wote: "Mutoto wa vile hapana ambiwa kifo. Semeni baba iko Beni, kazi iko mingi." Nasi tukasema hivyo. Mimi, yaya yake, yaani dada yake mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha shule, na wenzake baba wakanipokea garajini niwe nasugua magari kwa msasa na maji, kazi ambayo vidole huielewa kabla ya kichwa.

Kila alasiri Kambale alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, kigari mapajani. Alikula nacho, alilala nacho, na vidole vyake vilivyotoka kwenye sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, vilikipaka mafuta ya mawese milangoni na kwenye boneti. Paa tu hakuligusa. Watoto wa mtaa walimtania: "Shofere! Gari yako inatoka lini?"

Yeye alijibu bila hasira: "Haiyaisha. Baba akirudia ataimaliza."

Siku ya kuondoa matanga, Kambale akiwa ametumwa tena kwa majirani, baba mukubwa alisimama mbele ya watu kutaja kazi ambazo marehemu aliziacha nusu. Kwetu nyumbani ilikuwa hivyo: mtu hajasindikizwa vizuri kama kazi yake imebaki njiani, na mtoto wake wa kwanza ndiye anayeimaliza. Shamba la maharagwe lilikwisha kupaliliwa. Mlango wa jirani ulikwisha kupakwa.

"Na ile gari ya Kambale?" akauliza. "Masika, wewe ndio mukubwa. Maliza kazi ya baba yako."

Nilimwambia Kambale kwamba baba ametuma ruhusa. Alinifuata garajini bila kukiachia kigari, mpaka nilipomnyang'anya kwa upole. Nilichanganya rangi nyekundu iliyobaki kwenye gari la mteja, nikashika pistole ya baba ya kupulizia, nikapuliza.

Rangi ilikataa. Pale Kambale alipoacha mafuta, ilijikunja ikafungua vishimo, na kijivu kikachungulia kama macho. Kwenye boneti ilipauka ikawa kama maziwa. Karibu na gurudumu, plastiki yenyewe ilikunjamana kama ganda la nyanya iliyonyauka. Juu ya paa tu ndipo iliposhika, na ile mistari ya kidole ikaonekana zaidi kuliko mwanzo.

Kambale alipiga makofi. "Unaona, yaya? Inakatala! Rangi inamungoja baba!"

Wanaume wa garaji walicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikaiweka pistole chini.

Papa Hamisi, mpaka rangi wa Beni aliyefanya kazi na baba miaka mingi, alikipokea kigari akakigeuza kwenye mwanga. "Mama," aliniambia, maana alimwita kila msichana mama, "plastiki haiko chuma. Diluant kali inaikula. Hapa ni mafuta. Na hapa ni baridi, rangi imekunywa ukungu. Beni ingekauka muzuri. Butembo inaomba moto."

"Tunafanya aje?"

"Unaosha na mafuta ya freni, ile inakula rangi, mpaka plastiki ionekane. Unasugua mahali pamekunjamana, unaosha tena na sabuni, na hakuna mutu wa kugusa na kidole. Unapasha mukebe wa rangi ndani ya maji ya moto. Halafu unapuliza kidogo kidogo, nyembamba."

"Hata apprêt itoke?"

"Hata apprêt."

Alipotamka hivyo macho yake yalifika kwenye paa. Kisha akaenda mwisho kabisa wa garaji kutafuta mafuta ya freni, na chupa ilikuwa hapo hapo miguuni pake.

Niliketi juu ya tairi karibu na Kambale. Aliweka kidole gumba chake ndani ya alama ya baba. Kilipotea humo kama haragwe katika bakuli.

"Ukiitoa, baba atakasirika," alisema.

"Hatakasirika."

"Juu ya nini?" akataka kujua sababu.

Neno la Beni lilikuwa tayari mdomoni mwangu, tumelizoea wote. "Juu hatarudia, Kambale. Alikufa. Tulimuzika."

Alikitoa kidole kwenye alama. "Na ile kazi mingi?"

"Hakukuwa kazi."

Hakulia. Alinipa kigari. "Basi osha," akasema.

Nikaosha. Kidole cha baba kilitangulia kutoka, kabla hata ya rangi ya milangoni. Nikasugua, nikaosha kwa sabuni, nikakianika juu ya kijiti nisikiguse. Nikapuliza apprêt mpya, nikangoja. Mkebe wa rangi ulikaa katika sufuria ya maji ya moto, mbali na mbabula, jiko letu la makaa, kwa sababu Papa Hamisi hakutaka garaji zima limfuate baba. Kambale hakubanduka. Nilipuliza nyembamba, nikangoja, nikapuliza tena, na nyekundu ikalala juu ya paa laini kama maji ndani ya beseni.

"Hata baba yako hangeona kosa," Papa Hamisi akasema.

Niligeuka kwa majivuno kumwonyesha mdogo wangu. Hapo ndipo Kambale alipolia, kilio cha tumboni, kile ambacho watu wazima hulia kaburini. Nilifadhaika. Nilimuuliza kama hapendi nyekundu, kama kuna mahali pameharibika. Nilikigeuza kigari kwenye mwanga huku na huku, nikitafuta kishimo ambacho macho yangu yalikosa, nikiamini nikikipata nitakirekebisha naye atanyamaza. Hapakuwa na kishimo.

Sasa ninapaka magari makubwa, na Kambale ana ndevu, anaishi Beni upande wa Ruwenzori. Ilinichukua miaka kuelewa. Niliyomwambia juu ya tairi aliyasikia, lakini maneno yetu tulikuwa tumekwisha kuyaharibu; tulikuwa tumemwambia mengi ya uongo. Alichokiamini ni rangi. Alikaa pale muda wote akiomba ikatae mara ya pili, nami kwa mikono yangu, kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikaifanya ishike.